Mfupa unaoota ndani ya nyama: maumivu yanayowapata waliovunjika mgongo, na jinsi yanavyotibiwa

Watu wa Ubundu wanajua vizuri namna mtu anavyovunjika mgongo. Amepanda mchikichi kukata ngazi, kamba inakatika. Pikipiki iliyobeba watu watatu na gunia la mchele inateleza kwenye udongo wakati wa mvua. Mti unaokatwa shambani unaangukia upande ambao hakuna aliyeutazamia. Shimo la almasi linabomoka. Familia inaambiwa kwamba huenda miguu haitarudi, na yule aliyepona siku za kwanza anarudishwa nyumbani, analazwa kwenye godoro, na kanisa linakuja kumwombea.

Makala hii inahusu jambo linalotokea baada ya hapo, mara nyingi mwezi wa pili au wa tatu, wakati wote wanafikiri hatari imekwisha pita. Nyonga moja inavimba. Paja linakuwa na joto kuliko lile lingine. Homa inapanda jioni. Wiki zinapita, na siku moja mama anayemgeuza mgonjwa anagusa kitu kigumu ndani ya nyama, kigumu kama jiwe, mahali ambapo Mungu hakuweka mfupa. Mguu haukunjiki tena. Mgonjwa hawezi kuketi. Hapo ndipo maneno yanaanza kijijini: wamemtupia mfupa.

Wapendwa, mfupa huo upo kweli. Tusimcheke mama aliyeugusa. Lakini hakuna mtu aliyeutupa. Ni mwili wa mgonjwa wenyewe uliouumba, na madaktari wanaujua ugonjwa huo kwa zaidi ya miaka 100. Kwenye karatasi ya hospitali mnaweza kukuta jina lake refu, osifikasioni heterotopiki, maana yake ni mfupa ulioota mahali pasipo pake.

Kutengeneza mfupa ni kazi ambayo mwili unaifanya maisha yote. Mkono ukivunjika, chembe za ujenzi zinakusanyika penye jeraha, zinaweka kwanza kitu laini, kisha madini ya kalsiamu yanaingia, na polepole kinakuwa mfupa mgumu. Ndivyo tunavyopona. Lakini uti wa mgongo ukiumia, yaani ile kamba ya mishipa ya fahamu inayopita ndani ya pingili, mawasiliano kati ya ubongo na sehemu ya chini ya mwili yanavurugika. Misuli iliyo karibu na viungo vikubwa inawaka kwa ndani, na chembe ambazo zingepaswa kutengeneza msuli zinageuka kuwa wajenzi wa mfupa. Zinafanya kazi nzuri, tatizo ni mahali.

Mfupa huu una desturi zake. Unaota chini ya mahali mgongo ulipoumia, hauoti juu yake. Nyonga ndiyo inayopatwa zaidi, kisha goti. Aliyeumia shingo anaweza kuupata pia kwenye kiwiko au begani. Hauingii ndani ya kiungo chenyewe. Unakizunguka kwa nje, ndani ya misuli, kama mmea wa msituni unaokumbatia mti mpaka mti haujitikisi. Wala si kansa, haukimbii kwenda kukaa kwenye mapafu au ini. Unaanza kwa kawaida kati ya wiki ya 3 na ya 12 baada ya ajali, mara chache ukichelewa kufika mwezi wa 6 au zaidi, na ukishakomaa unatulia.

Ni wangapi wanaoupata? Hesabu za nchi mbalimbali hazilingani, lakini nyingi zinataja watu 20 hadi 30 kati ya kila 100 waliopooza kwa sababu ya mgongo. Wengi wao wanabaki na mfupa mdogo usiowazuia kuishi. Wale ambao kiungo chao kinafungwa kabisa ni wachache, chini ya 10 kati ya 100. Anayepooza kabisa, bila mwendo wala hisia yoyote chini, yuko katika hatari kubwa kuliko yule aliyebaki na nguvu kidogo. Vidonda vya kulalia, maambukizo ya mkojo na kukakamaa kwa misuli vinaiongeza hatari hiyo, na haya matatu ni mambo ambayo familia inaweza kuyapigania hata bila hospitali kubwa.

Waliouandika ugonjwa huu mara ya kwanza kwa ukamilifu ni daktari Augusta Dejerine-Klumpke wa Paris na mwenzake André Ceillier, mwaka 1918. Walikuwa wakiwatunza askari wa Ufaransa waliopigwa risasi na vipande vya bomu mgongoni katika vita kuu ya kwanza. Vijana hao walipooza, kisha mifupa ikaota kwenye nyonga na magoti yao. Wakati huo Ubundu ilikuwa bado inaitwa Ponthierville, na reli ya kilomita 125 ya kuyazunguka maporomoko ya Boyoma mpaka Kisangani ilikuwa na miaka 12 tu. Nayasema haya kwa ajili ya wale wanaomtafuta mchawi. Askari wale hawakuwa na shangazi Ubundu wala deni la shamba na jirani, na bado mfupa uliota, mahali pale pale, miezi ile ile.

Homa ambayo si malaria tu

Kwetu mtu akipata homa tunasema malaria, na tukiona dawa ya malaria haikufaa tunasema tifoidi. Kwa mtu aliyevunjika mgongo desturi hiyo inaweza kumpotezea mwezi mzima. Kipimo cha malaria kinaweza hata kuonyesha kwamba anayo, maana katika nchi yetu wengi wana vijidudu kwenye damu, na bado chanzo cha uvimbe wa paja kikawa kingine. Basi mtibu malaria, ndiyo, lakini fungueni nguo mtazame miguu yote miwili. Wekeni nyuma ya mkono wenu kwenye paja moja kisha kwenye lingine. Kunjeni kila mguu polepole na kuona kama umeanza kukataa kufika ulipofika wiki iliyopita.

Kuhusu maumivu kuna jambo linalowachanganya wengi. Mtu aliyepoteza hisia zote anaweza kuwa na mfupa unaokua asisikie uchungu wowote pale penyewe. Mwili wake unalia kwa njia nyingine: miguu inarukaruka na kukakamaa kuliko zamani, anakosa usingizi, anahisi vibaya bila kujua kusema ni wapi. Yule aliyebaki na hisia kidogo anateseka sana, hasa akigeuzwa au akiketishwa, na uchungu huo ni wa kweli hata kama miguu yake haitembei. Msimwambie kwamba mtu aliyepooza hawezi kuumwa.

Aliyeumia juu, kuanzia shingo mpaka karibu na pingili ya 6 ya kifua, ana hatari nyingine. Kitu chochote kinachousumbua mwili chini ya jeraha, iwe kibofu kilichojaa, choo kigumu, kidonda, au mfupa huu unaoota, kinaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla. Kichwa kinamuuma kama kinapasuka, uso unakuwa mwekundu au unatoa jasho, moyo unakwenda polepole. Mketisheni wima mara moja, miguu ikining'inia, mlegeze nguo, mwangalie kama mpira wa mkojo umepindika au umeziba. Kama hayo hayamtulizi kwa haraka, ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Sasa, paja lililovimba na lenye joto si lazima liwe na mfupa. Inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa. Inaweza kuwa usaha ndani ya nyonga. Inaweza hata kuwa mfupa wa paja uliovunjika bila mtu kujua, maana mifupa ya miguu isiyotembea inapungua nguvu, na kumgeuza vibaya kitandani kunatosha kuuvunja. Magonjwa haya manne yanafanana kwa macho, hata muuguzi mwenye uzoefu hawezi kuyatenganisha kwa kutazama tu. Ile ya damu iliyoganda ndiyo inayoua upesi: kipande kikikatika kinapanda mpaka mapafuni.

Ndiyo maana ninaomba jambo moja kwa nguvu kuliko yote yaliyomo katika makala hii. Msiukande mguu wa mtu aliyepooza ambao umevimba ghafla. Najua kukanda ni upendo. Najua ndilo jambo la kwanza ambalo bibi anafikiria. Lakini kama ndani kuna damu iliyoganda, mikono inaweza kuisukuma. Na kama ni mfupa unaoanza, kukanda kwa nguvu na kuvuta kiungo kunajeruhi misuli na kuwapa wajenzi wale kazi zaidi. Watafiti waliwahi kuwafungia sungura mguu usitembee kwa muda, kisha kuukunja kwa nguvu kila siku, na mfupa ukaota ndani ya nyama za sungura ambao mgongo wao ulikuwa mzima.

Majani ya moto nayo yana hatari yake. Mtu mzima akiwekewa kitambaa kinachounguza atapiga kelele. Aliyepooza hatapiga kelele, ataungua mpaka nyama, na kidonda hicho kitachukua miezi. Kuchanja kwa wembe na kuumika kwa pembe ili "kuutoa mfupa" kunafungua mlango wa maambukizo, na mfupa anaoonyesha mganga mwishoni haukutoka ndani ya mguu. Ule wa kweli umeshikamana na misuli na mara nyingi na mfupa wa nyonga wenyewe. Hata daktari wa upasuaji mwenye vifaa vyote anatoka jasho kuutoa.

Hospitali inafanya nini

Kwanza wanapaswa kuondoa shaka ya damu iliyoganda na ya usaha. Ekografi inasaidia kwa yote mawili, na mtaalamu mzuri anaweza kuona kwa ekografi hata mfupa unaoanza. Vipimo vya damu vinaonyesha kama kuna moto ndani ya mwili; kimoja kinachoitwa fosfatazi alkalini hupanda wakati mfupa mwingi unajengwa, ingawa peke yake hakitoshi kuthibitisha.

Kuhusu picha ya radio, kuna kosa ambalo familia nyingi zinaangukia. Mmelipa, mmefunga safari ya siku mbili, picha inatoka safi, mnaambiwa hakuna kitu, mnarudi nyumbani mkifikiri mmedanganywa au mgonjwa anajifanya. Picha ilisema kweli ya siku ile. Mfupa mchanga hauna bado kalsiamu ya kutosha ili uonekane, na unaweza kuchukua wiki kadhaa tangu uvimbe uanze kabla haujaonekana kama wingu jeupe kando ya nyonga. Kama dalili zinaendelea, picha irudiwe baada ya mwezi mmoja hivi.

Dawa zinazotumika mwanzoni ni zile za kupunguza moto wa ndani. Indometasini ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Ilipotolewa mapema baada ya ajali, miligramu 75 kwa siku kwa wiki 3, ilipunguza idadi ya walioota mfupa. Nimeandika kipimo hicho ili mjue kwamba ni tiba ya kweli yenye muda wake, si ili mtu akainunue sokoni. Dawa za ukoo huu, pamoja na diklofenaki inayouzwa kila kona, zinatoboa tumbo, zinaharibu figo, na aliyepooza mara nyingi figo zake tayari ziko hatarini kwa sababu ya mkojo. Zinaweza pia kuleta damu. Daktari lazima apime kwanza. Iko dawa nyingine, etidronati, inayozuia kalsiamu isiingie katika mfupa mpya, na iko tiba ya mionzi. Zote mbili ni za hospitali za miji mikubwa, na mfupa uliokwisha komaa hauyeyuki kwa dawa yoyote. Anayewauzia chupa ya kuuyeyusha anawaibia.

Kisha ni mazoezi. Mtaalamu wa viungo, yule tunayemwita kine, atawafundisha kukunja na kunyoosha kila kiungo. Neno la kushika ni polepole. Mkono mmoja chini ya goti, mwingine chini ya kisigino, mguu unapandishwa mpaka unapokataa, unatulia hapo kidogo, unarudishwa. Hampigani nao. Wakati uvimbe ni mkali na joto ni kali, kine anaweza kusema mpunguze kwa siku kadhaa. Msiache kabisa bila yeye kusema, maana kiungo kinacholala kinafungwa upesi zaidi. Zamani wengine walifundisha kwamba mazoezi yote ndiyo yanayoleta mfupa huu, wakawaacha wagonjwa walale kama magogo. Ilikuwa hasara. Kinachodhuru ni nguvu na haraka.

Upasuaji, na subira yake

Si kila mfupa unakatwa. Kama mtu anaweza kuketi, kujiosha na kulala bila shida, mfupa wake na ukae. Upasuaji unafikiriwa wakati nyonga imefungwa kiasi kwamba hawezi kuketi kwenye kiti cha magurudumu, au anaketi upande mmoja na kupata kidonda kisichopona, au mfupa unabana mshipa.

Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kungoja mfupa ukomae, miezi 12 hadi 18, kwa kuogopa kwamba ukikatwa mchanga utaota tena. Siku hizi madaktari wengi hawashiki tarehe kwa ukali hivyo. Wanatazama hali ya mgonjwa, picha, na kama uvimbe umetulia, kwa sababu kungoja sana nako kunadhoofisha kiungo na mfupa wa paja. Wala hawautoi wote. Wanakata njia, kipande cha kutosha ili nyonga ikunjike tena. Damu inayotoka ni nyingi, kwa hiyo ndugu wa kutoa damu wanahitajika kabla ya siku yenyewe, na hapa kanisa lenye vijana 200 lina nguvu ambayo hospitali haina. Kidonda cha kulalia kiwe kimepona kwanza, na mkojo uwe safi, la sivyo vijidudu vitaingia penye upasuaji. Baadaye dawa ya kuzuia inatolewa tena na mazoezi yanaanza mapema, kwa kuwa mfupa unaweza kurudi.

Kwa mtu wa Ubundu safari hii inapita Kisangani, kwenye hospitali kuu ya Makiso au kliniki za chuo kikuu, na kutoka huko ndipo atajua kama inabidi kwenda mbali zaidi. Makanisa ya Kivu yanaijua HEAL Africa ya Goma, iliyoanzishwa na Jo Lusi, daktari wa upasuaji wa mifupa, pamoja na mke wake Lyn. Ni moja ya mahali katika mashariki ambapo ufundi wa mifupa umefundishwa kwa madaktari wetu wenyewe. Ulizeni kabla ya kusafiri. Gharama na njia vinabadilika, na kumbeba aliyepooza bure kwa wiki mbili kunaweza kumletea kidonda kibaya kuliko mfupa aliokwenda kutibiwa.

Maana mwishowe kinachowaua wengi ni ngozi. Nyonga iliyofungwa inamfanya mtu aegemee upande mmoja, mfupa wa matako unaibana ngozi pale pale saa zote, ngozi inakufa, kidonda kinachimba mpaka mfupa, vijidudu vinaingia kwenye damu. Kwa hiyo mgeuzeni kila saa 2 akiwa amelala, usiku pia. Akiketi, ainuliwe au ainamishwe kila baada ya nusu saa au chini ya hapo. Mto chini yake uwe mzito na laini. Kipande cha godoro kinafaa kuliko blanketi iliyokunjwa. Kila asubuhi mtu mmoja atazame matako, visigino na pande za nyonga, na akiona wekundu usiopotea au, kwa ngozi nyeusi, sehemu iliyobadilika rangi, yenye joto au ngumu, asimlalie upande huo.

Kugeuza kila saa 2 ni mara 12 kwa siku. Mke mmoja hawezi kwa miezi, naye analima na kupika. Nimeona makanisa yanayopanga zamu za kuomba usiku kucha kwa ajili ya mgonjwa, na ni vizuri. Wale wanaokesha wanaweza pia kumgeuza saa 4, saa 6, saa 8 na saa 10 za usiku ili mke alale. Mashemasi wawili wakifundishwa na kine kwa saa moja watawafundisha wengine. Na mchungaji anayemwombea asimwambie aache dawa ili kuonyesha imani.

Siku ya kusafiri, mgonjwa asiketishwe kwenye pikipiki kati ya watu wawili. Kama mgongo haujapona ni hatari ya pili kwa uti, na kama nyonga imefungwa, kuilazimisha ipanuke juu ya kiti cha pikipiki kunaweza kuvunja paja. Machela au tipoyi, akiwa amelala, na godoro chini. Mwandikieni kwenye daftari mambo haya: tarehe ya ajali, tarehe uvimbe ulipoanza na ni mguu gani, siku za homa, kila dawa aliyomeza pamoja na ya kienyeji bila kuona haya, na mara ngapi mpira wa mkojo umebadilishwa. Bebeni picha zote za radio za zamani, hata ile iliyotoka safi, kwa sababu daktari atakayeilinganisha na mpya ndiye atakayejua mfupa ulianza lini.